Jiwe Alilolisubiri Maundu

Redio ikikorofika Matuu, ikawa inakoroma tu kama mzee mwenye pumu, watu waliipeleka kwa Maundu Nzomo. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya wauza maembe, kimejaa maiti za redio mpaka darini, na mwenyewe alikaa katikati yake, mrefu, mkimya, bisibisi nyuma ya sikio. Hakuwa mtu wa kujulikana kwa jambo lolote. Alilima mahindi na mbaazi pamoja na mkewe Kalekye, alimwoza binti yao Kamene huko Mumbuni kwa heshima zote, na kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kama si mawe, hata tusingekuwa tunamzungumza.

Mawe yenyewe yalikuja hivi. Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa pili, mchana wa jua kali na mbingu tupu, ngurumo ilipita juu ya Matuu. Haikuwa radi, maana radi hupiga ikanyamaza. Hii ilitembea, kama mtu anayekokota mabati juu ya dari ya dunia, ikaenda zake upande wa Kithyoko. Mbwa walijibana chini ya meza za soko. Watu walisema ni ndege ya jeshi, wengine wakasema ni lori la mafuta limelipuka barabara ya Thika, na kila mtu alikuwa na binamu aliyeona.

Jioni hiyo jirani yao Kalondu alikuta paa la ghala lake limetoboka, na chini ya tundu, kati ya mahindi, jiwe jeusi. Kalondu hakuwa na shaka nani amelituma. Alikuwa na kesi ya mpaka na mashemeji zake. Alilibeba kwa koleo hadi kwa padre, mkono ameunyoosha mbele kama aliyebeba nyoka, na padre akamwambia yeye habariki mawe. Maundu alipomwomba amwachie, Kalondu alilitupa miguuni pake.

"Chukua, baba. Ila ukifa usiseme Kalondu hakukuonya."

Lilikuwa na ukubwa wa embe dogo. Nje lilikuwa na ganda jeusi kama ukoko wa sufuria ya muthokoi ulioungua, na pale lilipomeguka, ndani lilikuwa la kijivu, lina chembe zinazometameta. Maundu alichomoa sumaku kutoka spika ya redio mbovu akaisogeza. Jiwe likaishika. Alikaa nalo kiganjani mpaka chai aliyoletewa na Kalekye ikafanya utando. Kitu kimetoka huko juu, ng'ambo ya mwezi, kimesafiri muda ambao hakuna babu wa babu anayeweza kuuhesabu, kisha kikaja kutoboa ghala la Kalondu. Jambo hilo lilimwingia Maundu, na tangu siku hiyo halikumtoka.

Wa kwanza kumwelewa alikuwa Elmi Abdiaziz. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, baba yake alifungua zizi la kuuzia mbuzi pale Matuu kabla ya uhuru, na Elmi mwenyewe alisema Kikamba cha kuwashinda Wakamba wa mjini. Alikuwa ameleta redio yake ya kusikilizia habari za Kisomali. Akaliona jiwe mezani, akaketi. Siku ile ya ngurumo, alisema, alikuwa Kithyoko kununua mbuzi, na huko kishindo kilikuwa kikubwa kuliko huku, na moshi mwembamba uliendelea mbele hata baada ya sauti kwisha. Wakatazamana. Kwa hiyo lililoanguka kwa Kalondu lilikuwa dogo, lililochoka njiani. Kama kokoto na tofali zikirushwa pamoja, tofali ndilo huenda mbali. Jiwe kubwa, mkubwa wa mawe yote, lilikuwa limelala mahali fulani huko mbele, upande wa Kithyoko, likingoja mtu.

Wa tatu alikuwa Justus Muindi, mwenye studio ya picha karibu na stendi, mtu wa maneno mengi na shati safi, aliyetaka tu kuona jambo la ajabu likipita mbele ya kamera yake.

Basi kila Jumapili, Maundu akitoka misa na Elmi akishaswali adhuhuri, watatu hao waliingia nyikani. Kila mmoja alikuwa na fimbo, na chini ya fimbo sumaku ya spika aliyoifunga Maundu kwa waya. Usidhani ilikuwa kazi rahisi. Anayeijua nchi ya Yatta anajua kwamba Mungu alipomaliza kuumba mawe meusi, yaliyobaki yote aliyamwaga pale. Na sumaku nayo ni mwongo mkubwa. Inashika misumari, inashika vipande vya jembe, inashika yale makapi mazito yaliyoachwa na wahunzi wa zamani, ambayo watu huyaita mavi ya chuma. Kila walipookota mavi ya chuma, Justus aliyapiga picha ya ukumbusho, akasema haya nayo yametoka mbinguni, ila kwa njia ya choo.

Walikuwa na sheria moja. Ilitoka kwa Maundu, naye aliitoa kwa wazee wake: mbuzi wa ukoo hachunwi mpaka wenye sehemu zao wafike. Mtu akiona jiwe, haliinui. Anasimama, anaita, anangoja. Wote wakifika wanachuchumaa kulizunguka, wanalitazama kwanza pale pale lilipolala, ndipo linapoinuliwa. Elmi aliipenda sheria hiyo kuliko hata mwenyewe aliyeileta. Alisema mifugo imemfundisha kwamba ugomvi wa watu hauanzi kwenye kula, unaanza pale mmoja anapofika kabla ya wenzake.

Kwa njia hiyo walipata vijiwe kadhaa, vidogo vidogo, na kila kimoja kilikuwa sikukuu.

Sasa nije kwenye macho. Mwaka wa pili wa kutafuta, Maundu alianza kupita mawe ambayo mtoto angeyaona. Akawa anajichoma vidole kwa chuma cha kulehemu. Alikwenda hospitali Machakos akimdanganya Kalekye kwamba anafuata vipuri, na daktari akamweleza polepole kwamba ni presha ya macho, kwamba mishipa imekwisha kuliwa, na dawa ya matone itachelewesha tu. Huanzia pembeni, alimwambia. Ni kama mtu anayetazama kupitia bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

Maundu alimwambia Elmi peke yake. Walikuwa wamekaa juu ya ukingo wa mfereji wa Yatta, wakimngoja Justus abadilishe filamu.

"Silii," Maundu alisema. "Nimeona mke, nimeona mtoto, nimeona mjukuu. Nataka kuliona lile kubwa tu. Likiwa chini, halijaguswa. Baada ya hapo, kufungwe."

"Utaliona, walaal," Elmi akamwambia. Walaal ni ndugu kwa lugha ya kwao, na Maundu alikuwa amekwisha kulizoea jina hilo.

Toka siku hiyo Elmi alibadili mahali pake katika mstari. Alitembea kushoto kwa Maundu, upande ulioharibika zaidi, na alipoona shimo au mwiba alikohoa kidogo. Hakuwahi kusema kwa nini, na Maundu hakuwahi kuuliza.

Huo ndio ulikuwa urafiki wao. Na ulivunjika kwa kikombe cha chai.

Ilikuwa Ijumaa, Maundu amepeleka redio nyumbani kwa Elmi. Elmi hayupo. Hafso, mke wa Elmi, alikuwa mwanamke mkarimu wa kukuwekea iliki mpaka ulewe. Akamkaribisha, akamwandalia, na katika maneno ya kawaida akasema lile jiwe lenu jipya lile, nimelifunika pale dirishani watoto wasilichezee. Maundu akanyanyuka. Akafunua kitambaa. Lilikuwa zima, jeusi pande zote, zuri kuliko yote waliyowahi kupata. Na yeye hakuitwa. Hakuna aliyemwita aje achuchumae.

Aliweka kikombe chini, akamshukuru Hafso, akatoka.

Ukweli wa jambo lile ulikuwa mdogo. Justus alikwenda harusini katikati ya juma, akaliona jiwe njiani, jua likiwa linatua. Akataka kulipiga picha studioni penye taa nzuri. Akalibeba. Alipofika mjini ndipo alipoona alichofanya, roho ikamruka, akampelekea Elmi amwekee mpaka Jumapili akiri mbele ya wote. Elmi akakubali. Aliona si vizuri kumshtaki mtu mzima aliye tayari kujishtaki mwenyewe.

Lakini kesho yake, siku ya soko, Maundu alikuwa zizini mbele ya watu, na hakumngoja mtu aeleze. Alisema alimwonyesha Elmi ugonjwa wake, naye Elmi akautumia kumwibia. Elmi alipotaja jina la Justus, Maundu akasema basi mmekuwa wawili. Kisha akasema neno juu ya watu wa kabila la Elmi, lile neno la zamani ambalo wazee hulisema wakiwa wamelewa, ambalo yeye maishani hakuwahi kulitamka. Mbuzi walikuwa wanalia, lakini wote walisikia. Elmi alitazama chini, akafungua geti la zizi, akaendelea na kazi yake.

Wakaachana. Justus alikwenda mara kadhaa kibandani kuomba msamaha, akakuta mlango umerudishwa na redio ndani inaongea.

Ikapita miezi. Maundu hakurudi nyikani. Bomba lilizidi kuwa jembamba. Wiki moja alitumbukia mferejini, akarudi nyumbani amelowa mpaka kifuani, akamwambia Kalekye aliteleza. Mwezi wa kumi wa mwaka wa tisini na saba ukafika, na redio zote zilizokuwa mezani pake, kila moja kwa lugha yake, zilikuwa zikisema mvua kubwa inakuja, mvua ya Elnino. Watu wa Matuu walicheka. Nchi ya Ukambani iombe mvua miaka yote, halafu itishiwe nayo.

Alhamisi moja asubuhi mlango wa kibanda ukatiwa giza. Maundu alimjua kwa harufu ya mifugo kabla ya sauti.

"Nimelipata," Elmi alisema.

Maundu hakuinua kichwa. "Umepata nini?"

"Lile kubwa. Nyuma ya Kithyoko, kwenye korongo. Mbuzi aliteremka nikamfuata. Nusu yake imezama mchangani. Nimeliwekea miiba juu, ng'ombe wasilikanyage. Pikapu iko hapo nje, twende."

"Mbona hukulibeba? Leo ndio umekumbuka sheria?"

"Hilo silibebi."

"Ni mavi ya chuma."

"Labda. Njoo uyaone mavi ya chuma yenye ukubwa wa kichwa cha ndama."

Siku nyingine Maundu angecheka. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya redio, haugusi kitu. Alijua ni kweli. Elmi si mtu wa kukosea jambo hilo. Lakini aliwaza korongo, kushuka mawe, kushikwa mkono kama mtoto, na mwenye kumshika awe mtu huyu, aliyemwita mwizi na zaidi ya mwizi mbele ya soko zima. Angeliona jiwe lake, ndiyo. Na Elmi angemwona yeye, amekuwa nini.

"Maundu, mvua inakuja," Elmi alisema. "Wewe ndiwe mwenye redio. Ikianza, korongo litajaa. Kama hutaki kwenda nami, nipe ruhusa nilitoe nikuletee hapa mezani. Neno moja tu."

Hapo ndipo Maundu alipoinua uso, akautafuta uso wa mwenzake, akaupata kidogo, ndevu na jicho moja.

"Ukiligusa kabla sijafika," akasema, "nitajua yote niliyokuambia zizini yalikuwa kweli."

Nje muuza maembe alikuwa anabishana na mteja.

"Sawa, mzee," akasema, akaondoka. Alikuwa hajawahi kumwita mzee.

Jioni Maundu alimsimulia Kalekye, kwa namna ya kumfanya Elmi aonekane mkosaji. Kalekye alikuwa anapepeta mbaazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Baba Kamene, mtu uliyemtukana kakuletea gari mlangoni, na wewe unataka afanye nini tena? Apige magoti?"

"Hujui mambo ya—"

"Najua huoni. Ulidhani kikombe chako hukaa mahali pamoja kila siku kwa bahati? Ulidhani ninapotangulia njiani ni haraka tu? Nimengoja uniambie. Yeye ulimwambia, mimi hukuniambia, na bado ndiye unayemfukuza."

Usiku huo Maundu alilala akiwa ameamua kwenda. Ijumaa alikuwa mwepesi kidogo. Alinoa wembe, akatafuta viatu vyake vya nyikani. Angeweza kwenda siku hiyo hiyo. Angeweza kumtuma mtu zizini na neno lile moja. Lakini siku yao siku zote ilikuwa Jumapili, na kwenda Jumapili, baada ya misa, kungekuwa kama hakuna kilichotokea. Hata msamaha alitaka uje kwa ratiba yake.

Mvua ilianza Jumamosi adhuhuri.

Hayo mengine alikuja kuyasikia kwa Hafso, baada ya siku nyingi. Elmi alipoona mawingu yamekaa upande wa mto Tana alichukua koleo akaenda Kithyoko mbio. Alifika korongo likiwa bado kavu. Alikuwa na nafasi ya kutosha. Alisimama ukingoni na koleo mkononi, mvua ikimpiga, akiangalia ile miiba yake chini. Kisha maji yakaja kutoka juu, mekundu, yamebeba magogo, na miiba ikaondoka. Alirudi nyumbani akawa hali chakula. Hafso alimuuliza kwa nini hukulitoa, mtu hawezi kukulaumu kwa mafuriko. Akamjibu kwamba alikuwa amekatazwa.

Watu wa Ukambani hawakuisahau mvua ile. Madaraja yalikwenda, mahindi yalioza yakiwa shambani, magari yalilala barabarani wiki nzima. Haikukatika mpaka mwaka mpya ukaingia, na barabara ya Kithyoko ilipopitika tena, bomba la Maundu lilikuwa limebaki tundu la sindano. Aliona mwanga wa mlango. Aliona kitu cheupe kikisogea.

Ni yeye aliyekwenda zizini safari hii, ameshika bega la Kalekye. Aliomba radhi mbele ya wale wale waliosikia matusi, na kwa sauti ile ile. Elmi akamtoa mbuzi njiani, akamshika mkono, akampandisha pikapu. Justus alijileta mwenyewe na koleo, bila kamera.

Korongo halikuwepo. Palikuwa na bonde pana la mchanga mpya, laini kama unga, kingo zimemeguka, mti ambao Elmi aliuweka alama hauko. Elmi na Justus walichimba. Walichimba hapa, wakachimba pale, sumaku ikashika waya wa ua wa mtu, ikashika sufuria. Justus alichimba kuliko wote, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na alipoambiwa apumzike alijifanya hasikii. Wakarudi tena, na tena. Kisha Justus akahamia Embu. Kibanda cha redio kikachukuliwa na kijana wa kuuza kanda za muziki. Hata ule mwanga wa mlango ukaondoka.

Walibaki wawili. Elmi aliendelea kumpeleka Maundu hadi pale kila alipokwenda kununua mbuzi, wakawa wanakaa kwenye mchanga bila kuchimba kitu. Kwa muda mrefu Maundu hakuwa na ujasiri wa kuuliza. Siku aliyouliza, mbuzi walikuwa wanakunywa maji kwenye kidimbwi, na upepo ulikuwa unarusha mchanga mdogo mdogo usoni.

"Niambie lilivyokuwa," alisema. "Usinipunguzie. Ganda lake, mikunjo yake, lilivyolala. Macho yako ndiyo niliyobaki nayo."

Maundu alimsikia Elmi akichezea fimbo.

"Sikuliangalia," Elmi akasema.

"Vipi hukuliangalia? Ulilipata."

"Niliona mgongo wake umetokeza, nikajua. Nikafunika papo hapo. Nikasema tutaliangalia pamoja. Hata nilipoweka miiba niligeuza uso. Nilikuwa nakungoja wewe, walaal."

Maundu alikuwa amejipa moyo muda wote huo kwamba angalau mtu mmoja duniani ana sura ya jiwe lile kichwani, na siku moja angemgawia. Sasa alijua hakuna. Lilikuwa limevuka mbingu yote likafika, likakaa miaka miwili na zaidi, likarudi chini, bila kutazamwa na jicho la mtu. Na aliyelizuia lisitazamwe alikuwa yeye.

Mbuzi walimaliza kunywa, wakaanza kupanda ukingo.

"Na huo mgongo," Maundu akasema. "Ulikuwaje?"

"Mweusi."

"Mweusi vipi?"

Elmi alijaribu. Alifungua kinywa, akatafuta maneno kwa Kikamba, akatafuta kwa Kisomali, akatafuta kwa Kiswahili.

"Mweusi tu, Maundu," alisema mwishowe. Akainuka kuwafuata mbuzi waliokuwa wanatawanyika, akatembea polepole, akikohoa kila hatua chache ili mwenzake ajue yuko wapi.